Torpido Iliyokimbia Baridi: Kusaka Kosa Kati ya Fataki, Mafuta na Maji

Torpido, lile kombora linalokimbia chini ya maji kuifuata meli, imetoka vizuri kwenye bomba la kurushia, imeshika mstari wake, haikuzama wala haikuruka juu ya maji. Ila imeishiwa pumzi njiani, na boti ya kuopolea imeikuta ikielea kimya mbali na shabaha. Mafundi wa torpido wa kati ya mwaka 1905 na Vita Kuu ya Kwanza waliijua hali hii: hita, kifaa cha kupasha moto hewa inayoendesha injini, haikuwaka; torpido imekimbia baridi. Wa kwanza kunyoshewa kidole huwa ni kiwashio, lile ganda dogo la baruti lenye fataki (kidonge kinacholipuka kikipigwa) kitakoni. Mara nyingi hulaumiwa bure.

Haya ni ya anayesoma kumbukumbu za majaribio ya zamani, anayetunza injini ya torpido kwenye makumbusho, au fundi wa injini anayetaka kujua wenzake wa enzi zile walisakaje kosa kwenye mashine inayofanya kazi dakika chache tu, chini ya maji, bila mtu wa kuiangalia.

Kilichotakiwa kutokea

Torpido ya Robert Whitehead, iliyoanza huko Fiume (leo Rijeka, Kroatia) mwaka 1866, iliendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa ndani ya mtungi. Hewa ikitanuka hupoa. Ndani ya injini ilipoa hadi chini ya nyuzi 0, unyevu ukaganda, na nguvu nyingi iliyokuwa mtungini ikapotea hivihivi. Dawa ikajulikana: ipashe moto hewa kabla haijafika kwenye injini. Ukichukua hewa ya nyuzi 15 za Selsiasi ukaifikisha nyuzi 300 hivi bila kubadili shinikizo, ujazo wake unakuwa mara mbili. Yaani kila kilo ya hewa inakufanyia kazi mara mbili.

Marekani, Frank Leavitt wa kampuni ya E. W. Bliss ya Brooklyn aliwasha spiriti ndani ya mtungi wenyewe wa hewa, kwenye torpido ya Bliss-Leavitt Mark 1 iliyoendeshwa kwa turbini, gurudumu la mapanga linalozungushwa na hewa. Uingereza, kampuni ya silaha ya Armstrong Whitworth ilitoa hita yake ya Elswick, na mwaka 1905 pale Bincleaves, Weymouth, torpido ya inchi 18 iliyofungwa hita hiyo ikaongeza kasi kwa noti 9 (maili za baharini kwa saa) kwenye mwendo wa yadi 1,000. Kisha mwaka 1908 hivi Sydney Hardcastle, mhandisi wa jeshi la majini aliyekuwa Royal Gun Factory, kiwanda cha silaha cha serikali ya Uingereza, akaongeza maji: maji yananyunyizwa humohumo kwenye chumba cha moto, yanageuka mvuke, chumba hakiyeyuki, na mvuke nao unasukuma injini. Hiyo ndiyo hita ya maji, na ile ya kwanza ikabaki kuitwa hita kavu. Kwa maoni yangu, hatua ya Hardcastle ni kubwa kuliko ya kuwasha moto kwenyewe, ingawa pia ndiyo iliyoongeza njia za kuharibikiwa.

Sasa mfuatano. Torpido ikisukumwa nje ya bomba, kishikizo kilichomo ndani ya bomba kinaulaza wenzo wa kuanzishia ulioko mgongoni mwake. Vali inafunguka, hewa inapita kwenye regyuleta inayoshusha shinikizo, na shinikizo hilohilo linasukuma mafuta (na maji, kama ni hita ya maji) kuelekea kwenye nozeli, vitundu vya kunyunyizia. Wakati huohuo pini inapiga fataki, fataki inawasha baruti ya kiwashio, na mwali wake unadumu sekunde chache. Ndani ya sekunde hizo mafuta lazima yafike, tena yakiwa ukungu mwembamba, yakutane na mwali. Yakishashika, moto unajilea wenyewe na kazi ya kiwashio imekwisha.

Aliyewahi kuwasha karabai anaelewa. Unaanza na spiriti kwenye kikombe, unangoja kichwa kipate moto, ndipo unafungulia mafuta ya taa. Ukiwahi, inatapika moto na masizi. Ukichelewa, spiriti imekwisha na hakuna kinachowaka. Tofauti ni kwamba karabai unaizima na kuanza upya.

Ikishaopolewa, usianze kufungua nati

Torpido ya mazoezi hurudi juu kwa sababu kichwa chake kina maji badala ya mlipuko, na mwisho wa safari maji hayo husukumwa nje. Inarudi na ushahidi wote tumboni. Kabla ya kugusa chochote, pima na uandike mambo manne: shinikizo lililobaki kwenye mtungi wa hewa, mafuta yaliyobaki, maji yaliyobaki, na hali ya fataki pamoja na ganda lake. La tano ni rangi ya chumba cha moto ndani, ila hilo linangoja hadi ukifungue.

Fundi anayekimbilia kiwashio kwanza, akakichomoa na kukitupa kwenye ndoo, ameshaupoteza ushahidi muhimu kuliko wote: alama ya pini juu ya fataki.

Dalili ya kwanza: baridi tangu mwanzo hadi mwisho

Kumbukumbu zinaonyesha umbali umepungua sana, kasi imepungua kidogo. Wengi hutegemea kasi ianguke kwanza, lakini piga hesabu. Turbini yenye nozeli zilezile na shinikizo lilelile, ikipewa hewa baridi badala ya hewa iliyopashwa hadi ujazo mara mbili, inapitisha hewa nyingi zaidi kwa sekunde, karibu mara 1.4, huku kila kilo ikitoa nusu ya kazi. Nguvu inabaki kama asilimia 70. Kwa kuwa ndani ya maji nguvu inayohitajika hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi, kasi inashuka kama sehemu moja ya kumi tu. Mtungi, hata hivyo, unakauka mapema, na umbali unapungua kwa zaidi ya theluthi. Kwenye injini ya pistoni hali ni kali zaidi upande wa hewa: kwa nadharia kasi ingeweza kubaki karibu ileile na umbali ukakatika nusu. Hita ya maji isiyowaka hupoteza zaidi, maana mvuke nao haupo. Basi ukiona kasi inaridhisha na umbali umekatika, usiseme hita ilikuwa sawa.

Angalia fataki. Kama haina alama kabisa, kiwashio hakina kosa. Pini haikufika. Tafuta pini ya usalama iliyosahaulika, springi iliyolegea, kutu kwenye tundu la pini, au grisi iliyoganda. Grisi hii imeponza mafundi wengi kwenye bahari za kaskazini: inapakwa mchana karakana ikiwa na joto, asubuhi torpido inaingia kwenye maji ya nyuzi 5 na pini inasogea kivivu. Itatoka, lakini bila kishindo cha kutosha.

Kama alama ipo lakini ni hafifu, au imekaa pembeni, ni kosa lilelile likiwa nusu njia, au ganda halikukaa sawa kwenye tundu lake.

Alama ipo, imezama vizuri katikati, na fataki haikulia: hapo ndipo ulaumu kiwashio. Unyevu ni mshukiwa wa kwanza. Kifaa hiki kinaishi melini, mahali penye chumvi hewani usiku na mchana, na baruti hunywa unyevu. Dawa yake ni kukitunza kwenye kopo lililozibwa na kukifunga karibu na saa ya kutumika, siyo wiki mbili kabla ili kazi ionekane imekwisha.

Sasa hali inayochanganya zaidi: fataki imelia, baruti imeungua yote, ganda ni jeusi, lakini torpido imekimbia baridi. Nenda kwenye chupa ya mafuta. Ikiwa imejaa, mwali uliwaka ukamulika chumba kitupu. Mafuta hayakuja: vali ya chupa ilifungwa, chujio limeziba, au bomba lina kifuko cha hewa kwa sababu halikujazwa hadi kwenye nozeli. Ikiwa chupa ni tupu na chumba cha moto ni kisafi, hakina masizi, mafuta yalipita yote bila kuungua. Boti ya kuopolea ingekuwa imeliona hilo kabla yako: utando wa mafuta juu ya maji kufuata njia ya torpido, maana moshi wa injini hutokea mkiani kupitia mhimili ulio wazi katikati, na kila kisichoungua hutoka hapohapo.

Mafuta yamepita mbele ya mwali na hayakushika. Kwa nini? Ama yalifika mwali ukiwa umeshakufa, ama yalifika yakiwa matone makubwa badala ya ukungu. Hapa aina ya mafuta ina neno lake. Spiriti inatoa mvuke unaoshika moto hata kwenye joto la kawaida la chumba. Mafuta ya taa yanahitaji kufika nyuzi 38 au zaidi ndipo mvuke wake ushike, kwa hiyo yanadai ukungu mwembamba na mwali unaodumu. Kiwashio kilichotosha kwenye hita ya spiriti kinaweza kuonekana kibovu kikihamishiwa kwenye hita ya mafuta ya taa, na hakina ubovu wowote.

Na kwenye hita ya maji, uliza pia maji yalikuja lini. Yakitangulia mafuta hata kidogo yanakuta mwali mchanga na kuuzima. Dalili yake ni ganda la kiwashio lililoungua upande mmoja, baruti ya upande wa pili ikiwa imeshikamana kama uji. Usilipe jina la unyevu wa stoo. Ni mfuatano wa vali.

Dalili ya pili: imeshtuka, kisha ikaenda

Mwanzo mzito, halafu mruko wa ghafla, halafu mwendo wa kawaida. Umbali unaweza kuwa mzuri tu, na ndiyo maana hali hii hupitishwa bila kuandikwa. Isipitishwe. Mafuta yamewahi, yamejikusanya chini ya chumba cha moto, ndipo mwali ukaja. Yakashika yote kwa mkupuo.

Ushahidi wake si kwenye fataki. Pitisha kidole kwenye viungo vya chumba cha moto: gasketi iliyosukumwa nje, boliti iliyovutika ikarefuka kidogo, ukingo wenye mstari wa masizi mahali gesi ilipopenya. Chumba kilichofura hata kwa unywele mmoja kitapasuka siku nyingine. Chanzo huwa ama pini imechelewa (rudi kwenye grisi), ama vali ya mafuta haikazi, na mafuta yalikuwa yakidondoka polepole tangu torpido ilipoandaliwa. Ya pili ni rahisi kuijua: fungua plagi ya chini ya chumba kabla ya kurusha inayofuata. Kikitoka kitu chenye harufu ya mafuta, umepata jibu.

Dalili ya tatu: imewaka vizuri, ikazimika njiani

Kiwashio kimeshatoka kwenye kesi. Kilifanya kazi yake ndani ya sekunde za mwanzo, na kama moto ulikuwepo yadi 500 za kwanza, achana nacho.

Linganisha mafuta na maji yaliyobaki. Mafuta mengi, maji kidogo: nozeli ya mafuta iliziba katikati ya safari, kwa kawaida kwa uchafu uliotoka ndani ya chupa yenyewe. Mafuta kidogo, maji hayapo kabisa: maji yalitoka kwa wingi kuliko kipimo. Kilo 1 ya mafuta ya taa ikiungua yote inatoa joto la kugeuza kama kilo 16 za maji kuwa mvuke, na hapo hakibaki kitu cha kuipasha hewa. Ukikaribia kiwango hicho moto unasinzia, kisha unakufa. Kama vyote viwili vimebaki kwa wingi, usitafute kwenye moto. Regyuleta imeshindwa, na shinikizo la kuvisukuma halikuwepo.

Upo uwezekano mwingine, nao ni maji ndani ya mafuta. Mimina mabaki kwenye chupa ya kioo uyaache yatulie. Ya taa yanajitenga na maji, utaona mstari. Spiriti haijitengi, inachanganyika, hivyo itakubidi upime uzito wake.

Dalili ya nne: chumba kimeungua

Umbali mzuri, kasi nzuri, kila mtu anafurahi, kisha unakifungua chumba unakuta rangi ya bluu ya chuma kilichokaangwa, nozeli zimeliwa kingo. Kwenye hita kavu hili lilikuwa ndilo dari lenyewe la teknolojia: joto lilipunguzwa makusudi kwa sababu chuma cha injini kisingevumilia zaidi. Kwenye hita ya maji ni alama kwamba maji hayakuja au yamekuja upande mmoja.

Masizi mazito ni habari nyingine: mafuta ni mengi kuliko hewa. Mafuta ya taa yanahitaji hewa mara 15 hivi ya uzito wake ili yaungue yote. Spiriti inahitaji mara 9 tu. Basi nozeli iliyotobolewa kwa ajili ya spiriti, ukiipitishia mafuta ya taa, inamwaga kupita kiasi, na masizi yanakwenda kukaa kwenye vali na nozeli za turbini. Ikirudi mara ya pili na ya tatu na kasi ikishuka kila safari, safisha, kisha pima tundu la nozeli kabla ya kubadilisha kingine chochote.

Dalili ya tano: imewaka ikiwa bado bombani

Wenzo umelala bila torpido kutoka. Propela zinazunguka bila maji ya kuzizuia, injini inapiga mbio kuliko ilivyoundwa, moshi unajaa chumbani, na hita inachoma chuma ambacho bahari haipo kukipoza. Ndani ya nyambizi hili ni jambo la kutisha. Kiwashio hapa hakina kosa, kimetii amri iliyotolewa kimakosa. Kagua kishikizo cha bomba na wenzo: umechakaa, umepinda, au kuna mtu aliivuta torpido nyuma ikagusa. Ndiyo sababu wabunifu waliweka vifaa vya kuchelewesha, ili hewa yote na moto visifunguke kabla torpido haijaingia majini. Kifaa hicho kikikwama upande wa pili, unapata mbio baridi ya dalili ya kwanza, na fataki isiyo na alama.

Yanayosingiziwa hita

Torpido inayolala ubavu na kupinda si ya kiwashio. Bliss-Leavitt Mark 1 ilikuwa na turbini moja inayozunguka upande mmoja, ikailaza torpido. Matoleo yaliyofuata yakawekewa turbini mbili zinazozunguka kinyume. Moshi na mwali unaotoka kichwani torpido ikiwa imeshasimama pia si hita. Waingereza walifunga kwenye vichwa vya mazoezi taa ya Holmes, yenye kemikali ya kalisi fosfidi inayowaka ikiguswa na maji, ili boti iione. Ina harufu mbaya ya kufanana na kitunguu saumu kilichooza, na usiinamie kuinusa, gesi yake ni sumu.

Na kama torpido ilikwenda fupi lakini mtungi bado una hewa nyingi, funga faili la hita. Kuna kitu kiliifunga vali.

Hewa ikibadilishwa

Wajapani walipoleta torpido ya Type 93 mwaka 1933, wakitumia oksijeni badala ya hewa, sekunde zile chache za kuwasha zikawa hatari kuliko zilivyowahi kuwa. Mafuta yaliyojikusanya kwenye hewa hutoa mshtuko. Kwenye oksijeni tupu huvunja chumba. Suluhisho lao lilikuwa la mfuatano pia: torpido inaanza na hewa ya kawaida kutoka chupa ndogo, moto unashika, ndipo oksijeni inaingizwa polepole. Kwa hiyo mlipuko wa mwanzoni kwenye torpido ya namna hii unakupeleka moja kwa moja kwenye chupa ile ndogo: ilijazwa? Iliisha kabla ya wakati?

Waingereza wao kwenye torpido yao ya Mark VIII walikwenda njia nyingine. Hita inachoma sehemu ndogo tu ya mafuta, hewa inafika kwenye silinda ikiwa na moto wa kutosha, na mafuta mengine yananyunyizwa humo yakajiwasha yenyewe, karibu na injini ya dizeli. Huko hita baridi haileti mbio fupi tu. Mafuta ndani ya silinda nayo hayashiki moto.

Ukikuta kiwashio cha kweli

Kwenye injini ya makumbusho, usidhani ganda ni tupu kwa kuwa lina miaka 100. Fataki ya zamani inaweza kuwa imekufa, au imekuwa nyepesi kulia kuliko ilivyokuwa mpya, na kwa macho huwezi kutofautisha. Usiikwangue, usiitie mafuta ya kulegezea, usiichomoe kwa koleo. Waite wataalamu wa mabomu wa jeshi au polisi. Kitu kilichotoka baharini hivyohivyo, hata kiwe bomba tu lenye kutu. Pwani yetu haiko mbali na habari hizi: meli ya Kijerumani Königsberg ilipozidiwa kwenye delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, mabaharia wake waliilipua wenyewe kwa vichwa vya torpido zake.